Fomu ilidai IBAN, mpokeaji yuko Marekani

Nilikuwa namlipa fundi wa tovuti aliye Marekani kutoka akaunti yangu ya yuro. Fomu ya benki ikagoma: bila IBAN, namba ya akaunti ya kimataifa, hakuna kuendelea. Naye akaapa kwamba hajawahi kuwa nayo.

Alikuwa sahihi. Benki za Marekani hazitoi IBAN. Ulaya namba hiyo hubeba nchi, benki na akaunti kwa pamoja, na tarakimu mbili baada ya herufi za nchi ni za ukaguzi. Ukikosea kuandika, mfumo kwa kawaida hung'amua kabla pesa hazijatoka. Marekani wana namba ya akaunti, na pembeni namba ya benki ya tarakimu 9, ABA, iliyoanza mwaka 1910 enzi za hundi. (Ndiyo, bado wanaandika hundi.)

Kumbe fomu niliyofungua ilikuwa ya SEPA, mfumo wa malipo wa Ulaya, yaani yuro tupu, ndani ya nchi za mfumo huo. Nikafungua ile ya malipo ya kimataifa, nikachagua dola, na sehemu ya IBAN ikatoweka. Nikajaza SWIFT (msimbo unaotambulisha benki yake kimataifa), akaunti, ABA na anwani yake kamili.

Kabla ya kutuma, mwulize mpokeaji ABA ya "wire", yaani ya kutuma pesa moja kwa moja benki kwa benki. Benki nyingi kule zina nyingine kwa malipo ya ACH, mfumo wao wa malipo ya ndani, na hazibadilishani. Kuhusu makato nilichagua OUR, mtumaji abebe yote, maana benki za katikati humega njiani. Ni ghali, lakini ankara ililipwa kamili.