Wewe kuelewa yote?

"Brava! Tu parlare bene. Tu capire tutto?"

Ndivyo alivyoniambia signora, bibi Mwitaliano wa chumba cha kona hotelini kwetu, yule wa kofia ya ukindu, na mpaka sasa maneno yake hayajanitoka. Kwa msiojua Kiitaliano, nikiyaleta kwetu jinsi yalivyo ni hivi: "Hongera! Wewe kusema vizuri. Wewe kuelewa yote?" Tena na tabasamu pana. Hakuwa na nia mbaya, nalijua hilo, na ndiyo maana linaniuma zaidi. Angekuwa na nia mbaya ningejua la kufanya.

Alikuja mapokezi mchana, jua la utosi, kusi linapuliza mpaka fomu za wageni nimezibana kwa jiwe. Alitaka tuktuk ya kumpeleka Gede kutazama magofu. Nikamjibu, na jibu langu nalinukuu lote kwa sababu nimelirudia nikiosha vyombo, nikifua, hata kanisani wakati wa sadaka: "Se vuole, glielo chiamo subito, ma credo che sia meglio che Lei aspetti le quattro. Adesso fa troppo caldo." Yaani, ukitaka nakuitia sasa hivi, ila naona ni bora usubiri saa kumi, kwa sasa joto limezidi.

Litazameni vizuri. Nilisema vuole, sikusema vuoi, kwa sababu mgeni anaitwa Lei, kwa heshima. Glielo ni wawili ndani ya mmoja, anayeitiwa na kinachoitwa. Halafu ikaja credo che, na hapo ndipo wengi huanguka. Ukishasema "naona kwamba", Kiitaliano hakikuachi uendelee na kitenzi cha kila siku. Lazima uingie kwenye congiuntivo, ile hali ya mambo ambayo bado yamo kichwani mwa mtu, anayadhani, anayatamani, anayaogopa. È inageuka sia. Aspetta inageuka aspetti. Nilizishusha zote mbili ndani ya pumzi moja, bila kukwama, na mgeni amesimama pale na chupa yake ya maji.

Naye akanijibu kwa vitenzi-jina. Parlare. Capire. Havina nafsi, havina wakati, havijui nani anatenda wala lini.

Walionisoma tangu zamani wanamkumbuka nonna wa Casuarina, bibi niliyekuwa nikimfulia na kumsomea barua kabla wanawe hawajamrudisha Piacenza. Yule ndiye aliyenitia haya maradhi. Alininunulia daftari la mirabamiraba, akanichorea nguzo za nafsi, mimi, wewe, yeye, sisi, nyinyi, wao: io, tu, lui, noi, voi, loro. Indicativo, ile ya vitenzi vya kila siku, peke yake ina nyakati nane. Congiuntivo nne. Condizionale, ile ya -nge-, mbili. Bado kuamrisha, na bado vile vitatu visivyo na mtu: infinito, participio, gerundio. Nilikuwa nikipiga pasi mashuka huku namsomea kwa sauti kitenzi cha kuwa: fui, fosti, fu, fummo, foste, furono. Nikimaliza ananirusha upande wa pili: fossi, fossi, fosse, fossimo, foste, fossero. Ile foste ipo kote kote. Nilimwuliza nitajuaje iko upande gani, akasema sikiliza kilichotangulia, kitakwambia.

Siku moja tulishinda kwenye herufi m. Parleremo ni tutazungumza. Parleremmo ni tungezungumza. Kati ya ahadi na ndoto pana m moja tu, na kwa sikio langu la Kigiriama zilikuwa ni kitu kimoja. Bibi akanishika mkono mezani akaniambia nisiiachie m mpaka yeye aniachie mkono. Parlerem-mmmo. Mbwa alibweka. Mpaka leo mgeni akiniambia watarudi mwakani, nasikiliza m zake: verremo, watakuja, verremmo, wangekuja kama mambo yangekuwa mengine.

Na bibi yule, mwenye nyumba, mzee, mimi kijana wa kufua, aliniita Lei tangu siku ya kwanza. "Senta." "Mi dica." "Si accomodi." Sikiliza, niambie, karibu ukae. Kumwamrisha mtu kwa heshima Kiitaliano unakwenda kuazima congiuntivo. Mtu wa tu, yaani "wewe" ya mazoea, unamwambia senti, wa Lei unamwambia senta. Sasa nimekaa mapokezi, nina sare yenye jina langu kifuani, naambiwa tu, na hata hiyo tu hainyambuliwi.

(Dada amejifungua mapacha Jumanne, wa kike wote, wazima, na bosi wetu wa Bergamo ametutangazia kwamba hoteli inauzwa. Nitayaandika siku nyingine.)

Kilichonichoma zaidi kilikuja jioni. Signora amerudi kutoka Gede, upepo umemchapa, amekaa barazani anaongea na mumewe kwa simu. Nami napita na funguo. Namsikia: "Se l'avrei saputo, mi portavo un maglione." Eti angejua angekuja na sweta.

Se l'avrei! Nilisimama. Baada ya se ya jambo ambalo halikutokea, avrei haina nafasi, hapo ni avessi: se l'avessi saputo. Condizionale inakaa upande wa pili wa sentensi. Hilo portavo nalisamehe, kwenye mazungumzo wanalitumia sana. Lakini avrei ni kosa ambalo watoto wa shule kwao Italia hukaripiwa kwalo. Na mimi ndiye mwenye udhuru wa kulifanya, kwa sababu sisi kwetu tunaweka -nge- pande zote mbili na maisha yanaendelea, ningejua ningeleta. Ndiyo maana wenzangu wote wanaojifunza Kiitaliano hukwama hapo. Huyu amezaliwa nacho.

Jibu nilikuwa nalo tayari mdomoni. "Avessi, signora." Nililimeza pamoja na mate. Nikasema, "Le porto una coperta?" Nikuletee blanketi? Akaniambia, "Sì, cara, tu portare." Ndiyo, mpenzi, wewe kuleta.

Nikaenda jikoni kummwagia mpishi wetu. Mnamjua Mzee wangu wa jikoni na Kiitaliano chake cha ufukweni, alichookota kwa kuuza vinyago kabla hajashika mwiko. Hajawahi kunyambua kitenzi maishani mwake. "Signora, oggi tu mangiare aragosta, io cucinare speciale, tu piangere!" Yaani, leo wewe kula kambamti, mimi kupika spesheli, wewe kulia! Na kweli wanacheka mpaka wanalia. Che simpatico, anapendeza huyu, wanasema, na bahasha inakwenda jikoni. Alinisikiliza huku anakuna nazi, hata hakuinua kichwa.

"Dada, huyu mama amekuja kula samaki. Hakuja shule."

"Lakini Mzee, mimi nilimjibu vizuri."

"Ulimjibu vizuri sana. Ndiyo maana akaogopa."

Sijui kama aliogopa. Hilo ni lake Mzee. Lakini usiku, nikiwa nimekasirika bado, nilianza kuviwaza vile vitenzi-jina vyenyewe, vinatumika wapi na Mwitaliano anapoongea na Mwitaliano mwenziwe. Vipo milangoni: spingere, sukuma, tirare, vuta. Vipo kwenye mapishi: tagliare, kata, aggiungere, ongeza, mescolare, koroga. Kumbe nilisemeshwa kama mlango. Nikaona hilo nitaliandika hapa kwa hasira zangu zote.

Ndipo Babu akanijia, nikaanza kucheka peke yangu gizani hadi Mama akauliza kwa ukutani kuna nini.

Babu alifanya kazi Ngomeni enzi za Waitaliano wa roketi, wale wa San Marco, waliorusha setilaiti yao kutoka jukwaa la baharini mwaka 1967 na wakaendelea kurusha hadi 1988. Yeye hakurusha kitu. Alibeba: maji, mbao, kamba, makreti ya chakula. Wakimwambia tu portare, tu aspettare, tu andare, wewe kuleta, wewe kusubiri, wewe kwenda, naye akaamini hicho ndicho Kiitaliano, kizima, hakina zaidi. Akarudi nacho nyumbani, na kwa kuwa hapakuwa na wa kuongea naye, akawasemesha mbuzi. Jioni nzima kijiji kinasikia: "Andare! Andare casa!" Kwenda! Kwenda nyumbani! Na mahindi yakianikwa uani, utamsikia anamfokea yule beberu mweusi: "Non mangiare! Non toccare!" Usile! Usiguse!

Sasa sikilizeni. Ukimkataza mtu mmoja wa tu, Kiitaliano hakitumii mangia. Kinatumia non na kitenzi-jina. Non mangiare. Non toccare. Ndiyo sarufi yenyewe, nonna alinichorea kwa kalamu nyekundu! Babu alikuwa anakosea kila alipoamrisha na kupatia kila alipokataza. Wangekuwa mbuzi wengi ingempasa kusema non mangiate, lakini ni nani asiyejua kwamba mwizi alikuwa yule beberu peke yake.

Nimecheka mpaka machozi. Natamani nonna angekutana na Babu. Fosse stato vivo, angekuwa hai, ningewakalisha wote barazani, mmoja ananyambua, mwingine anafukuza mbuzi.

Asubuhi signora alipita akaniambia, "Oggi tu lavorare?" Leo wewe kufanya kazi? Nikamwambia, "Sì signora, lavoro fino alle sei. E Lei, ha dormito bene?" Ndiyo, nafanya kazi hadi saa kumi na mbili, na wewe, umelala vizuri? Nikaweka nafsi zote mahali pake, kwa ajili yangu mwenyewe, na nikaona bado inauma kidogo, si kama jana.

Kinachonikosesha raha sasa ni mnazi wa nyuma ya nyumba. Tangu mvua kubwa ya mwaka huu mizizi ya upande mmoja imekaa wazi, na kwa hili kusi umezidi kuinama. Zamani ulikuwa unaelekea kwa jirani, sasa unaelekea chumba cha uani, ambako Dada atalala na mapacha akiruhusiwa Ijumaa. Mkwezi aliupanda nusu akashuka, akasema yeye haendi juu tena. Mwenye msumeno anataka pesa ambazo sina kabla ya mwisho wa mwezi, na Mama hataki ukatwe kabla madafu hayajaangushwa, na wa kuyaangusha ndiye huyo mkwezi.