Nimechokoza nyuki kwenye duka la kubeti

Jamani, ukiwa Liverpool usitaje Grand National ya 1973, zile mbio za farasi za kuruka vizuizi, mbele ya wazee wa kubeti kama huna muda. Mimi nimeuliza tu, "Hivi Crisp alishindwaje?" Chai zimepoa.

Kwa msiojua: Crisp, farasi kutoka Australia, aliwaacha wenzake mbali kabisa pale Aintree, uwanja wa mbio hizo. Anaruka kizuizi cha mwisho, farasi wa pili, Red Rum, bado yuko nyuma sana. Halafu miguu ikaisha. Joki wake, yaani mpanda farasi, Richard Pitman, akainua mjeledi kwa mkono wa kulia, farasi akayumba kushoto, wakati kona ya mwisho inataka uende kulia. Red Rum akampita hatua chache kabla ya mstari, akashinda kwa robo tatu ya urefu wa farasi.

Mzee mmoja anasema Pitman angetulia na hatamu zake mikononi, basi. Pitman mwenyewe amekiri hadharani kuwa ule mjeledi ulikuwa kosa. Mzee mwingine anang'ang'ania kwamba Pitman alimkimbiza Crisp mno mzunguko wa kwanza. Huyo simwelewi. Crisp alipenda kwenda mbele, ukimzuia unapigana naye maili nne na nusu.

Mimi nalaumu mzigo, yaani uzito ambao kila farasi hupangiwa kubeba. Crisp alibeba ratili 23 zaidi ya Red Rum, kilo kumi na kitu! Na bado wote wawili walivunja rekodi ya zamani ya muda.

Nimelisema hilo kwa sauti. Sasa wamenigeukia mimi.