Daftari la Vidonge

Juni 2011 makohozi yangu yalikutwa na vijidudu vya kifua kikuu. Nilikuwa na kilo 46. Nikaanzishiwa vidonge vitatu kila asubuhi, dozi ya miezi sita, na muuguzi akanitahadharisha kwamba mkojo utageuka mwekundu, nisishtuke. Dada yangu akaninunulia daftari niwe natia alama kila nikimeza.

Alama zikazaa maneno. Nililala peke yangu chumba cha uani, Ngamiani, Tanga, na sahani yangu na kikombe changu. Niliandika magoti yanavyouma, nyayo zinavyokufa ganzi. Lakini nililoliandika kwa bidii kuliko yote ni watu: nani kaja kunijulia hali, nani hajaja, nani kaishia mlangoni na ncha ya kanga puani.

Ramadhani ikaingia mwanzoni mwa Agosti. Mgonjwa ana ruhusa, sikufunga. Ila usiku mmoja, niliposikia vyombo vya daku vikigongana jikoni, roho ilinisononeka. Nikawasha taa, nikalisoma daftari tangu mwanzo. Nabii Ayubu, katika Suratul Anbiyaa, anamwambia Mola wake kuwa madhara yamempata, naye Mola ni mwenye kurehemu kuliko wote. Basi. Aya moja, wala hamtaji aliyemkimbia. Mimi nilikuwa nimefungua daftari la madeni.

Humo humo, siku ya tatu, palikuwa na mstari mmoja: "Kaja mama wa vitumbua, kakaa hadi adhuhuri." Sikuongeza neno. Miaka sita nyuma yeye naye aliugua kifua, na mimi nikawakataza wanangu kununua kwake, nikawatuma mtaa wa pili. Hata alipopona sikurudi. Hilo sikuwa nimeliandika popote. Nililiandika usiku ule, lilivyo, kisha nikaomba toba, na kwa mara ya kwanza maishani nilijua hasa ninatubia nini. Lakini haki ya mja haifutiki kwa toba peke yake. Mwenyewe sharti aombwe radhi.

Baada ya Idi makohozi yalipimwa tena, yakawa safi. Asubuhi iliyofuata nilimwendea barazani kwake, nikamwambia yote. Alivigeuza vitumbua, kimoja kimoja, chuma kizima, bila kuinua uso.

"Nilijua, mwanangu," akasema. "Chai umekunywa?"