Kreni tuliyoifuata machimboni

Rafiki yetu tunayemwita Mrefu ndo alianzisha hii habari ya kreni. Alisikia kwa watu kwamba kule kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji, chini kabisa kwenye mita kama 22, kuna kreni nzima imesimama vilevile ilivyoachwa siku pampu zilipozimwa, na tangu hapo hatukupumzika, kila tukikaa ni kreni, kreni, kreni. Sisi wote tulijifunza kupiga mbizi baharini, maji ya uvuguvugu, matumbawe, kasa anapita, unapiga picha zako unaondoka, sasa mtu anakwambia twende tukazame kwenye shimo la mawe. Mi moyoni nikawa nasema hili ni bwawa la vyura tu. Ila nikaenda, kwa sababu ya marafiki, na tuseme ukweli, kwa sababu ya kreni pia.

Kwa asiyejua, machimbo ya namna hii yanakuwaje na maji: wachimbaji wakishashuka chini ya usawa wa maji ya ardhini inabidi pampu zitoe maji usiku na mchana, siku kazi ikiisha na pampu zikizimwa maji yanapanda yenyewe taratibu, na mashine nyingine zinaachwa humohumo maana kuzitoa ni hasara tupu. Baadaye wapiga mbizi wakipazoea wanaongeza na vya kwao, basi la abiria lililokufa, boti, sehemu nyingine hata ndege ndogo, wanavitoa mafuta na uchafu kwanza ndo wanavizamisha. Hakuna mkondo, hakuna mawimbi, boti haikurushi rushi. Unaegesha gari, unavaa, unateremka ngazi umeingia.

Kuvaa sasa. Suti ya mpira ya milimita 7, kofia yake, glavu, na jua limekaa utosini, jasho linatiririka mpaka kwenye vidole vya miguu, unatamani mtu akusukume tu majini hata bila mtungi. Hapo ndo ukazuka ugomvi wa risasi, yaani vipande vya madini ya risasi vya mkandani vinavyokuzamisha. Mwalimu (ni jina tu tunalomwita, hafundishi popote, ana tabia ya kufundisha) akamwambia Mrefu, "Kaka, punguza risasi kwenye huo mkanda, haya maji hayana chumvi, hayakubebi." Mrefu akasema hapunguzi, suti nene namna ile inaelea, lazima aongeze. Na kibaya ni kwamba wote wawili walikuwa sahihi! Maji ya bahari ni mazito kuliko haya kwa asilimia 2.5 hivi, kwa hiyo mtu ambaye yeye na vyombo vyake vyote ni kilo 100 anatakiwa kupunguza kama kilo mbili na nusu, lakini suti ya mpira nayo ina vipovu vya hewa ndani yake, kadiri inavyokuwa nene ndo inavyokuvuta juu. Maneno hayakwisha mpaka walipoingia majini wakapima, unatoa hewa yote kwenye koti (lile unalojaza hewa ili uelee), unavuta pumzi ya kawaida unaibana, maji yanatakiwa yaishie usawa wa macho. Mrefu akapotea na kofia yake yote. Akaibuka, akatoa kilo mbili bila kusema neno, na sisi tukajifanya hatujaona.

Mdogo wake Mwalimu ndo alikuwa mgeni kabisa kati yetu, cheti chake kilikuwa bado kinanukia wino, na yeye ndo alitulazimisha tukaguane kama kitabu kinavyosema, koti, risasi, vifungo, hewa, kila mtu na badi wake, mwenzake wa kuzama naye. Mitungi imejaa, presha bari 200. Mi na Mwalimu, Mrefu na dogo. Tukashuka.

Mita za mwanzo kwa kweli nilikula maneno yangu ya vyura. Maji ni kijani, kijani cha chupa, na unaona ukuta wa mwamba unashuka umenyooka, na juu yake kuna mifereji ya wima, nusu duara, imejipanga, ni matundu ya kekee walimotia baruti. Nikapitisha kidole cha glavu kwenye mmoja, umenyooka mpaka leo, makali yake tu ndo yameota ute. Kwenye mita 6 kuna jukwaa la chuma, wanafunzi wamepiga magoti wanajifunza kutoa maji kwenye maski, na samaki wamewazunguka wanawachungulia, wameshazoea watu hao hawana hata aibu. Basi la abiria liko hapo jirani. Viti vimeondolewa, usukani umebaki, na dogo akakaa kwa dereva, lazima, nadhani hakuna aliyewahi kupita pale asikae.

Halafu kwenye mita 9 hivi tukaikuta themoklaini, mpaka kati ya maji ya joto na ya baridi. Nilishaisoma, nilishaambiwa, lakini kuiona ni kitu kingine. Unashuka, mara mbele yako maji yanameremeta, yanatetemeka kama hewa juu ya lami saa saba mchana, na kilicho ng'ambo ya pili unakiona kimepinda. Nikateremsha mkono. Mkono uko kwenye baridi, uso uko kwenye joto, mstari unapita hapa kwenye kiwiko, naweza kukuonyesha ulipopita. Juu kompyuta ya kupigia mbizi ya mkononi ilikuwa inasema nyuzi 22, tukashuka mita chache tu ikasema 8, na ule uwazi mdogo kati ya maski na kofia ukawa unachoma hadi meno ya mbele yanauma. Ni kwamba jua linapasha maji ya juu yanakuwa mepesi, yale ya baridi ni mazito yanakaa chini, na kwa kuwa kwenye shimo hakuna kitu cha kuyakoroga basi kila mtu anakaa kwake miezi mizima.

Chini ya pale kulikuwa safi ajabu ila giza. Tukawasha tochi. Tukafika mita 17, na kusema ukweli mi tayari nilikuwa naona kitu kirefu cheusi kule chini upande wa kushoto, inaweza ikawa kreni, inaweza ikawa mti, ndo nikasikia.

Regulata, kile kifaa cha kupumulia hewa ya mtungi, ikifunguka haivuji, inanguruma. Mwalimu alikuwa anaongeza hewa kwenye koti lake na wakati huohuo anavuta pumzi, na kwa baridi ile hicho ndo kitu kinachoimaliza regulata. Hewa ikitoka kwenye presha kubwa kwenda ndogo inapoa sana, maji yaliyozunguka ile hatua ya kwanza pale kwenye mtungi yanaganda, valvu inakwama wazi na hewa yote inaanza kumwagika. Nilipogeuka sikumuona Mwalimu, niliona wingu la mapovu lenye mapezi.

Sasa hapa ndo nataka niseme, maana huyu dada nilimheshimu upya. Hakuitema. Aliishika kwa mkono, akaiachia pembeni mwa mdomo isibane, povu linatoka huku na yeye ananyonya kile anachokitaka katikati, vilevile tulivyofundishwa, na kila mtu siku ya kufundishwa alicheka maana maji yanakupiga usoni unaonekana kituko. Mkono wa pili ananionyesha geji ya hewa ya mtungi. Ilikuwa inashuka naiona kwa macho, mshale unatembea. Nikampa regulata yangu ya akiba, ile ya njano, akaivuta pumzi mbili, akanipa ishara ya sawa, akashika kamba ya koti langu, na mi nikapitisha mkono nyuma ya shingo yake nikafunga valvu ya mtungi wake. Kimya. Unaweza usiamini jinsi kimya kile kilivyo kitamu.

Mrefu alikuwa anaelekeza tochi kule kwenye kile kitu cheusi. Dogo akamshika pezi akamwonyesha dole gumba juu, ambalo chini ya maji si la kusifu, maana yake tunapanda, na likishaonyeshwa hakuna mjadala. Mrefu akaangalia dole, akaangalia chini, akaangalia dole. Akageuka. Lazima nimpe haki yake, aligeuka.

Tukapanda polepole, mita 9 kwa dakika, watu wawili kwenye mtungi mmoja, na tukivuka ule mstari joto lilikuja kama lote usoni. Mita 5 tukasimama zile dakika tatu. Hewa yangu ilikuwa bado inatosha, nishaangalia mara mia. Na ni hapo, tumening'inia tumeshikana, dogo akaanza kunigonga begani ananionyesha kitu mbele ya pua yangu ambacho mi sikioni. Halafu nikakiona. Yavuyavu. Mdogo kama sarafu, angavu kiasi kwamba unaona kwanza msalaba mweupe ndani yake ndo unaona mwili, anajikunja anajikunjua anapanda, akifika juu anaacha, anatandaza nyuzi zake na kushuka taratibu. Halafu mwingine. Halafu ukizoea jicho wako kila mahali, kumbe tumekaa katikati yao muda wote!

Yavuyavu kwenye shimo la mawe, mbali na bahari. Mzee anayejaza mitungi pale alitucheka, akasema hao wanatokea mwisho wa majira ya joto, mwaka huu wapo mwakani unaweza usimuone hata mmoja, na hawamdhuru mtu. Baadaye nilisoma kwamba asili yao ni bonde la mto Yangtze, China, na wanasayansi waliwaandika kwa mara ya kwanza 1880 baada ya kuwakuta kwenye tangi la mayungiyungi huko London, yaani hata wakati huo walikuwa wanasafiri na mimea ya watu. Miaka wasipoonekana hawajaenda kokote, wako chini wamejishikiza kwenye mawe, wadogo mno hata kuwaona kwa macho ni shida, wanasubiri maji yapate joto.

Basi mchana ukawa ni ubishi. Mrefu anasema tuazime regulata ya maji ya baridi kwa yule mzee, tushuke tena, kreni ile pale tumeiona. Dogo anasema ule ni mti. Mwalimu alikuwa amejifunga taulo mbili, midomo bado ya bluu, akasema, "Mimi naingia, ila sivuki ule mstari. Anayetaka kreni aende na kreni wenzake." Mi sikuwa na shida, mi nilitaka yavuyavu.

Tukaingia wote wanne. Kina kirefu tulichofika ni mita 7. Na Mrefu, aliyeingia amenuna, alilala chali juu ya paa la basi mikono kifuani, akiwaangalia wale wadudu wakipita kati yake na jua, na ilibidi mi ndo nimuonyeshe dole gumba, mara mbili, maana ya kwanza alijifanya hajaiona.

Regulata ya Mwalimu ilienda kwa fundi. Akaifungua yote akasema haina ubovu wowote, ni ya maji ya uvuguvugu tu, ukitaka kuingia kwenye nyuzi chini ya 10 tafuta iliyozibwa maji yasiguse ile hatua ya kwanza. Mwalimu akanunua. Mrefu naye akanunua ingawa yake haikuwahi kumsumbua, eti safari ijayo asikose kreni kwa sababu ya mtu.