Tufani imetua Bagamoyo

Jana usiku nilikuwa Bagamoyo na hadi sasa mawazo yangu yamebaki jukwaani. Vijana wamecheza Tufani ya Shakespeare, ile aliyoitafsiri Mushi mwaka 1969, ila wameitia dunia yao humo. Uchawi wa Prospero, yule mtawala aliyepinduliwa akaishia kisiwani, haukai tena vitabuni, uko kwenye simu: akipitisha kidole kwenye kioo, taa zinageuka rangi na bahari inanguruma.

Ariel, roho anayemtumikia Prospero, ndiye aliyenimaliza. Wamemfanya jini wa pwani, kanzu nyeupe, udi unafuka, anaingia na ngoma kama za kupunga. Bibi mmoja nyuma yangu akanong'ona, "Astaghfirullah, huyu wa kweli." Hakucheka mtu. Mchezo uliochezwa mbele ya mfalme wa Uingereza mwaka 1611 ukawa wa kwetu kabisa.

Na Caliban jamani, yule mwenyeji wa kisiwa aliyefanywa mtumwa na Prospero! Aliposema kisiwa hiki ni chake, amekirithi kwa mama yake, ukumbi mzima ulinyamaza. Tuko Bagamoyo, mji ambao Wajerumani waliwahi kuufanya makao makuu yao. Nililia, sisemi uongo.

Kilichoniudhi ni lile joka la mwanga lililorushwa ukutani mwishoni. Zuri, ndiyo, lakini halikuwa na kazi pale, tena lilimeza maneno ya Prospero anapoomba aachiliwe huru. Maneno yale yanataka taa moja na utulivu tu.

Leo wanacheza tena saa moja usiku. Narudi, na safari hii nakwenda na mama.