Miezi Sita ya Kwenye Kopo

Mlimao wangu wa kwenye chungu ulianza kugeuka njano wiki ya mwisho ya Machi, na njano yenyewe ilianzia chini. Hapo nikajua si ugonjwa, ni njaa. Mmea ukiishiwa naitrojeni huyanyang'anya majani yaliyozeeka ukayalisha machanga. Ingekuwa njano imeanzia juu ningefikiria upungufu wa madini ya chuma.

Ila chungu hicho nilikitilia mbolea katikati ya Novemba. Nazungumzia zile punje za duara, rangi ya asali, zenye ganda, ambazo kopo lake limeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba zinalisha mmea miezi sita. Wateja wa kitalu changu cha miche wasiozijua hudhani ni mayai ya konokono. Kuna dada mmoja wa Goba alimwaga udongo wa chungu kizima jalalani kwa woga. Nikahesabu kwa vidole: Desemba, Januari, Februari, Machi. Minne na siku kadhaa.

Nikafukua chache kwa kijiko. Kwa macho zilikuwa nzima kabisa. Nikaibana moja kwa ukucha, ikapasuka na kutoa tone la maji. Ya pili, maji. Kufika ya kumi niliacha kuhesabu. Ganda limebaki, chakula kilishakwisha zamani.

Punje hizi hufanya kazi hivi: unyevu wa udongo unapenya ganda, unayeyusha mbolea iliyomo, kisha ile iliyoyeyuka inajipenyeza kwenda nje kidogo kidogo. Kinachoamua kasi si ndoo ngapi umemwagilia, ni joto: likizidi, chakula kinatoka haraka. Nikavaa miwani, nikageuza kopo, na huko nyuma, kwa herufi za saizi ya sisimizi, pameandikwa kwamba hiyo miezi sita imepimwa kwa nyuzi joto 21. Ishirini na moja! Usiku wa Februari hapa Mbezi, Dar es Salaam, tunalala na feni na shuka halitakiwi. Sasa fikiria chungu cheusi cha plastiki juu ya sakafu ya saruji, saa nane mchana. Miaka yote hii nimekuwa nikiwaambia watu "usiguse mpaka miezi sita iishe". Mlionunua miche kwangu, naomba radhi.

Kabla ya punje hizi nilikuwa mtu wa urea, nayo ilinifunza adabu. Urea ina naitrojeni asilimia 46, wakati mbolea nyingine za dukani zina pungufu: CAN kama 26 na SA 21. Mwaka wangu wa pili wa biashara nilitia kijiko cha chai kwenye kila kiriba (mfuko wa kuoteshea) cha mipapai, viriba mia mbili, nikanyunyizia maji kidogo tu nikaenda kulala. Asubuhi kitalu kinanuka kama choo cha stendi. Udongo wangu una samadi nyingi, na humo mna vimeng'enya vinavyoigeuza urea kuwa amonia haraka sana. Ikiwa imekaa juujuu bila kufukiwa, hiyo amonia inapaa. Ule mnuko ulikuwa hela yangu inaondoka. Iliyobaki chini nayo ilikuwa kali kupita kiasi cha mizizi michanga: siku ya nne kingo za majani zilikuwa kahawia, wiki ya pili nikang'oa zaidi ya nusu.

Ndiyo maana nilizipenda punje za ganda. Haziunguzi, mradi uziache zilivyo. Kijana wangu wa kazi aliwahi kunijia na keni ya kumwagilia mkononi. "Mama, hizi mbolea ngumu kweli, nimezitwanga ndiyo zikayeyuka." Alikuwa ametwanga robo kilo. Ganda likishapasuka unabaki na mbolea ya kawaida uliyoinunua kwa bei ya manukato.

Na kwenye viriba vya kuuza sizitumii kabisa siku hizi. Mche unaokaa kwangu wiki nane unatoshwa na samadi ya ng'ombe iliyoiva vizuri, ambayo nayo hutoa naitrojeni yake taratibu kadiri wadudu wa udongo wanavyoivunja. Punje nimezibakishia vyungu vya ua na vya barazani.

Shambani ni mambo mengine. Nina ekari moja ya mahindi upande wa Bagamoyo, mchanga mtupu, na hakuna anayeweza kununua makopo ya punje kwa ekari. Huko tatizo ni masika: naitrojeni ikishageuka naitreti, ile hali yake inayochukuliwa na maji kirahisi, mvua mbili kubwa zinaishusha chini mizizi isikofika. Wahindi wana ujanja wao, nao ni mwarobaini, huuhuu wa uani kwetu. Tangu 2015 serikali yao inataka urea yote inayotengenezwa nchini ipakwe mafuta ya mwarobaini. Uchungu ule unawachelewesha bakteria wanaotengeneza naitreti, basi naitrojeni inakaa udongoni muda mrefu zaidi.

Nilijaribu msimu uliopita. Nilitwanga mbegu, nikakamua mafuta, nikachanganya kilo moja ya mashudu na kilo tano za urea, nikaacha vilale pamoja usiku kucha. (Kile kinu hakijarudi jikoni na hakitarudi.) Mistari sita nikaitilia mchanganyiko huo, iliyobaki urea tupu. Ilipopiga mvua ya wiki nzima, mistari ya urea tupu ilipauka, ile sita ikabaki kijani iliyokolea. Sikupima mavuno, kwa hiyo msiniulize magunia. Ninachokijua ni kwamba mwarobaini hauzuii ile amonia kupaa. Kufukia ni lazima palepale, kijembe kwa kijembe, hata mgongo ukiuma.

Mlimao nimeutilia punje mpya jana na kuzifunika kwa udongo kidogo. Nikachukua kalamu ya wino mzito niandike mwezi wa kurudia ubavuni mwa chungu. Kwa hesabu ya miezi minne ingekuwa mwisho wa Julai, lakini Juni na Julai huwa kuna kaubaridi hapa. Nimeandika "Agosti", nikaweka na alama ya kuuliza.