Kumbe Ipo

Saa tano usiku. Umeme umerudi, watoto wamelala, na kichwani mwangu kuna neno moja tu linazunguka: kumbe.

Wifi alilisema Alhamisi, adhuhuri inakaribia. Amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa jiko, jicho moja limefungwa bandeji, mimi nimeinamia jiko la mkaa. Sufuria ndogo, ile iliyokatika mpini, inatokota. Akanusa. Akanyamaza. Kisha:

"Kumbe nyama ya mbuzi ipo."

"Ya dawa hiyo, wifi."

"Haya."

Basi. Maneno kumi, nimeyahesabu. Nimeyarudia nikifua, nikipima magunia ya korosho ya watu kazini, nikiwa nyuma ya bodaboda kutoka Magomeni, hapa hapa Mtwara. Nimeijaribu ile kumbe kwa sauti zote. Kuna kumbe ya mtu aliyeshangaa tu. Kuna kumbe ya mtu aliyefurahi, kwamba leo tutakula vizuri. Na kuna kumbe ya mtu aliyekushika shati. Maana Jumatano tulimpa kibua cha kukaanga na ugali, Jumanne alipotoka hospitali tulimpa dagaa wa nazi, na Jumatatu alipofika na basi kutoka Newala, mgeni, dada mkubwa wa baba watoto, tulimpa kisamvu. Kisamvu kizuri, nazi mbili, lakini kisamvu. Halafu Alhamisi mbuzi anatokota, na mbuzi mwenyewe ni wa paka wetu, Kaniki.

Mimi nami, "ya dawa". Kwa nini sikusema "ya Kaniki"? Ningecheka, naye angecheka, yakaisha. Nilisema dawa kwa sababu niliona aibu, na yeye hakushindwa kuisikia hiyo aibu. Na "haya" ya ukoo ule mnaijua, nilishawaandikia siku ya mahari ya shemeji. Ni mlango unafungwa polepole bila kelele.

(Operesheni ya mtoto wa jicho imekwenda salama, alhamdulillahi. Mnada wa kwanza wa korosho nao umepita.)

Habari za Kaniki sitazirudia zote. Viroboto tulimaliza mwezi wa nane, mkanicheka. Vipele havikuisha. Vile vigumu vidogo, kama chembe za mchanga, shingoni na nyuma ya masikio, hata ukimpapasa unavisikia kabla hujaviona. Akijikuna mpaka damu, manyoya ya tumboni kayalamba yote, na mara mbili tatu kwa wiki anatapika kwenye mkeka. Ndipo daktari wa mifugo, mtu ambaye siku zake zote ni kideri cha kuku na mbuzi wasiozaa, akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: anakula nini?

Nikamjibu kama vile kaniuliza bahari ina nini. Samaki! Vichwa vya kibua, dagaa, ugali na mchuzi wa changu.

Akasema huenda ndiyo hiyo hiyo. Kwamba paka wanaokataliwa na chakula, mara nyingi kinachowakataa ni nyama ya ng'ombe, samaki au kuku, yaani vile vile walivyovizoea. Mwili haukatai kitu usichokijua. Nikabisha, nikamwambia huyu ni paka wa Mtwara, asipokula samaki ale nini? Akaniambia asili ya paka ni paka pori wa nchi kavu, mla panya na ndege, samaki tumemzoesha sisi. Kupima damu akasema ni kupoteza pesa, majibu yake hayaaminiki. Kipimo chake ni kumtafutia nyama moja ambayo hajawahi kuila, umpe hiyo tu, wiki nane, kisha umrudishie kile cha zamani uone. Akijikuna tena, umepata jibu.

Wiki nane, hiyo tu. Si unyoya wa kuku, si ulimi kwenye sahani ya mtoto.

Mara ya kwanza niliharibu mwenyewe. Nilimwagiza mtu chakula cha pakiti kutoka Dar, kikaja na basi, mbele kimechorwa kondoo amesimama kwenye majani mabichi. Siku ya kumi bado anajikuna. Nikaja kusoma nyuma, yale maandishi ya sisimizi: kondoo yumo, kuku yumo, na unga wa samaki yumo. Ile picha ilikuwa ya kondoo mmoja kati ya ukoo mzima.

Ndipo tukaingia kwenye mbuzi, tangu mwanzo wa Septemba. Robo kilo shilingi 3,500, na mwenye bucha ananiwekea moyo, kwa sababu daktari alisisitiza moyo. Nyama tupu haimtoshi paka. Kuna kitu kinaitwa taurini, mwili wa paka hauwezi kukitengeneza cha kutosha, anakipata kwenye nyama, na moyo unacho kingi. Akikikosa muda mrefu moyo wake unadhoofika na macho yanaharibika. Kwa hiyo unachemsha kidogo tu, na ile supu humwagi, unamrudishia, maana taurini inatoka na maji. Juu yake unanyunyiza unga wa madini aliotupa daktari, kwa ajili ya mifupa. Hakuna chumvi. Kitunguu ndiyo kabisa, ni sumu kwake. Sufuria yake, mwiko wake, kibakuli chake. Ndiyo maana ya ile sufuria iliyokatika mpini, wifi.

Na ilikuwa inafanya kazi! Wiki ya tano vipele vimekauka. Wiki ya sita manyoya ya tumboni yameanza kuota, mafupi, laini kama vumbi la usufi. Hakuna matapishi. Kaniki kang'aa tena kama kitambaa kile alichopewa jina lake.

Jumamosi usiku nikasikia kiti kinagonga ukuta, ko ko ko ko. Mguu wa nyuma wa paka. Asubuhi shingo nyekundu, na kwenye mkeka kuna matapishi.

Nilimwakia kitindamimba wangu, maskini, kaapa kwa kila kiapo anachokijua na viwili nilivyomkataza. Nikamwakia baba watoto. Nikaanza kulaumu bucha, pengine kisu kile kile kinakata kuku. Wifi amekaa zake uani, anasikiliza, hasemi. Mchana nikapeleka chakula, nikarudi kuchukua maji, na pale nikamwona Kaniki chini ya kiti cha plastiki, kakaa kama askari wa zamu, na mkono wa wifi unashuka pembeni, polepole, na dagaa wawili katikati ya vidole.

Sikusema kitu. Yeye ndiye aliyesema, bila kugeuka, sijui alinisikiaje.

"Wifi, kila siku nyama ile ile. Hata wodini mgonjwa anabadilishiwa. Nimemwonea huruma."

"Tangu lini?"

"Tangu nimekuja."

Jicho moja lina bandeji na la pili lina ukungu, vipele hakuviona wala asingeviona. Alichokiona ni paka anapewa kitu kimoja bila chumvi, mbele ya watu wanaokula samaki. Nikakaa kwenye ngazi, nikamweleza yote, samaki, wiki nane, taurini. Nilipofika kwenye macho yanaharibika akashika bandeji yake.

"Kwa hiyo ile nyama ya dawa ilikuwa ya huyu?"

"Ndiyo."

"Mimi nilijua wewe ndiye unaumwa. Nikasema wamenificha. Nimekuombea dua siku tatu."

Nilicheka mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Siku tatu mimi nazungusha "haya" yake kichwani, yeye ananiombea, na kote huko aliyekuwa anafaidi ni Kaniki. Nikampigia daktari, naye akacheka, akasema jaribio tungelifanya wenyewe wiki ijayo, mama kalitangulia. Samaki ndiye. Turudi kwenye mbuzi, vikitulia tena tutajaribu kuku, kimoja kimoja.

Leo nilinunua kilo moja na nusu. Nikatoa fungu la Kaniki kabla ya chumvi, lililobaki nikaunga kwa tangawizi na nazi, nikampakulia wifi minofu ya paja. Alikula vizuri. Akasema imeiva, ila ya Alhamisi ilinukia zaidi.

Ile kumbe yenyewe sikumuuliza. "Haya" nimeielewa. Kumbe ilikuja kabla sijasema dawa.

Sasa, nikiwa nasugua sufuria hapa, kimenijia kitu kingine na usingizi umekata. Ijumaa jioni, foleni imefika barabarani, nilimpimia mzee mmoja wa Mkunwa gunia lake la mwisho. Mzani nauona kabisa, 87. Lakini mkono wangu nao nauona, na mkono unaandika 78. Mzee alikunja risiti bila kuitazama, akaiweka kwenye kofia. Nakala iko kwenye kabati la ofisi, ufunguo anao katibu, na katibu yuko Nanyamba msibani mpaka keshokutwa.